Satelaiti na Kopo la Biskuti

Natangaza kwa huzuni kubwa kwamba satelaiti zote za dunia zimechanganyikiwa. Ndivyo nilivyomweleza mwalimu wa jiografia, baada ya darasa letu kufuata namba zake za gridi, mashariki kwanza, kaskazini baadaye, na kukuta shimo tupu. Zawadi yetu, kopo la biskuti alilolifukia hapo, haikuwepo.

“Maskini satelaiti,” mwalimu alisema, akibonyeza GPS yake ya mkononi. “Jana nilikupa kifaa hiki ukakichaji, mwanangu, namba za shimo zikiwa ndani yake. Hukujua kwamba kifaa hiki huchora njia kila kinakopita? Mstari huu uliotoka bwenini, ukafika hapa, ukaenda kutulia nyuma ya choo, ni wa nani?”

“Wa mlafi!” darasa zima lilipaza sauti.

“Ni wangu, mwalimu,” nilikiri. “Zimebaki mbili. Ziko mfukoni.”