Namba Yangu Chini ya Usukani

Mimi si mtu wa kukaa kitako, lakini asubuhi ile nilizidi. Nilizunguka boti mara sita, hata fundi rangi akaniuliza kama nimepoteza hereni. Nikamwambia apake rangi yake aache umbeya.

Ilikuwa boti ya tatu ya doria tuliyowaundia walinzi wa pwani, na saa kumi jioni ingeshushwa majini. Viti vya wageni vilishapangwa. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alikuwa mmoja wa mabaharia wa boti hiyo. Tangu jana alikuwa anajipima sare mbele ya kioo utadhani bwana harusi.

Kilichoninyima raha ni mshono mmoja tu wa kuchomelea, nyuma, chini ya usukani. Alhamisi nilikuta una tundu, nikauzungushia chaki. Ndiyo desturi yetu: penye chaki hapapakwi rangi mpaka mchomeleaji arudie, kisha agonge namba yake pembeni. Kabla sijarudia nikaitwa nyumbani, mwanangu ana homa. Jumatatu narudi, pameshapakwa rangi.

"Nilikumalizia mimi," mjomba aliniambia.

Mjomba ndiye msimamizi wetu. Ndiye aliyetulea baba alipofariki, ndiye aliyenishikisha mashine ya kuchomelea wakati wenzake wanacheka. Mikono yake sikuwahi kuitilia shaka. Shida ni macho. Mwezi huu nimemwona mara mbili akimimina chai kando ya kikombe. Anashika gazeti nusu saa hajageuza ukurasa. Nikimuuliza, anasema taa mbovu. Taa gani, mchana kweupe?

Nikapiga magoti chini ya usukani, nikapapasa juu ya rangi kwa kidole. Namba ilikuwepo, imegongwa ndani ya chuma: ishirini na saba. Yangu. Ya mjomba ni tatu.

Kwetu namba ndiyo jina lako. Mshono ukivuja, mwenye namba anafungasha virago. Najua alitaka kunisitiri, nisionekane nimeacha kazi njiani. Hata hivyo nilikasirika, tena sana. Nikamfuata kibandani kwake.

"Mjomba, ule mshono ulipimwa baada ya kurudiwa?"

"Niliutazama mwenyewe, kwa macho yangu."

"Naomba upimwe kwa upepo."

"Leo unanifundisha kazi, Cheche?" Jina hilo alinipa yeye. "Wageni wako njiani. Na ukivuja, namba ya nani ile?"

"Yangu."

"Basi tulia. Funika kombe mwanaharamu apite."

Nikatoka. Nikakaa, nikainuka, nikakaa tena. Mdogo wangu akaingia getini na sare yake, kola imemkaba shingo, akaniuliza, "Dada, utanipiga picha tukishaelea?" Nikaitazama ile shingo, nikaona siwezi. Nikaenda moja kwa moja kwa mkaguzi wa boti.

"Namba ishirini na saba, chini ya usukani," nikamwambia. "Ni yangu, na siiamini."

Alinitazama kama anayetazama mwendawazimu, ila aliagiza kompresa iletwe. Chumba cha nyuma kikafungwa, kikajazwa upepo, nami nikapaka maji ya sabuni kwenye mshono kwa brashi. Mjomba akaja kusimama nyuma yangu. Nilisikia anavyopumua.

Povu likatokea. Moja, dogo, kama la mdomoni mwa mtoto mchanga. Likafuata jingine, halafu msururu mzima.

Mkaguzi akainama, akapapasa namba, akafungua daftari. "Ishirini na saba. Umeshasema mwenyewe ni wewe."

Ningeweza kujitetea. Sikutaka. Mtu aliyekulisha humvui nguo mbele za watu, nami nilikuwa tayari kufungasha hivyo virago.

"Namba ni yake," mjomba akasema. "Mkono ni wangu. Sioni vizuri tangu mwaka jana."

Akatoa chaki mfukoni, akachuchumaa, akachora duara. Lilikaa umbali wa kiganja kizima kando ya povu. Mafundi waliosimama pale wakatazama chini.

Nikaushika mkono wake na chaki yake, nikausogeza mpaka penyewe, tukazungusha pamoja.

"Haya, choma," akasema. "Na usisahau kugonga namba yako."