Uchachu wa Nyumba ya Pan

Mtungi ulikufa wakati wa mavuno, na aliyeuua ni Pan Zhengrong mwenyewe. Alichota humo mchuzi mchachu, ule unaovundikwa na kulelewa miaka na miaka, kwa upawa uliotoka kwenye karai la nyama ya nguruwe. Mafuta na uchachu havikai mtungi mmoja. Kila mtoto wa milima ya Guizhou, huku kusini-magharibi mwa Uchina, anajua hilo kabla hajajua kufunga viatu. Ukungu mweupe ukatanda juu, harufu ikawa ya bwawa.

Kosa lingekuwa dogo kama si mama yake. Bibi huyo alikuwa ametoka kuugua, uji anausukuma, kuku hataki hata kumwona. Alitaka kitu kimoja tu: samaki wa majarubani, wale wanaokamatwa maji ya mpunga yakifunguliwa, wapikwe kwa mchuzi wa nyumba yake.

"Nenda kwa Yingmei," mkewe Zhengrong alimwambia. "Dada yako aliondoka hapa na mchuzi huohuo siku ya harusi yake."

"Niende vipi? Hatusemeshani tangu msiba wa baba."

"Basi mpikie mama yako hicho kiburi."

Akavuka kilima. Alimkuta Yingmei uani anapepeta mpunga. Hakukaribishwa kiti.

"Dada."

"Leo mimi dada? Msibani ulisema nini mbele za watu? Binti aliyeolewa ni maji yaliyomwagwa. Sasa umekuja kuyazoa na nini, mdogo wangu, kijiko?"

Shemeji yake, aliyekuwa akichonga mpini wa jembe, alicheka mpaka akakohoa.

"Nilisema ujinga," Zhengrong akasema. "Mama hali chakula. Anataka samaki kwa mchuzi wa nyumbani, na mtungi wetu umekufa."

Ungo ukatulia. "Hali? Na wewe umesimama hapa unapiga domo!"

Aliingia ndani, akatoka na mtungi mdogo uliofungwa kitambaa. "Ukitia upawa wa mafuta humu, nakuja kukupiga nao."

Zhengrong aliupokea, ule upawa wa nguruwe hakuutaja. Kuna mambo mtu hamwambii dada yake.

Jioni alipika mwenyewe. Alichemsha mchuzi na nyanya na pilipili, akatupia zile mbegu za porini zenye harufu ya limau, akatia samaki wazima wazima. Mama akaketishwa mezani. Alionja, uso ukakunjamana, akaweka kijiko chini.

"Huu si wangu."

Zhengrong akamwonyesha ule mtungi mdogo. "Mama, ni wako. Yingmei aliondoka nao."

"Nilimpa mimi, utanisimulia? Huu ni wa mama mkwe wangu. Wangu uliharibiwa na duka. Chumvi ilipoanza kuja kwa lori mkono ukalegea, leo chumvi kidogo, kesho sukari kidogo. Dada yako alikwenda na ule wa kale."

Akakitazama kile kijiko.

"Zamani chumvi ililetwa mgongoni mwa wapagazi, bei haishikiki. Bibi yako alifunga jiwe la chumvi kwa uzi juu ya jiko. Analichovya chunguni, analivuta upesi kama anavua samaki. Mwenye bahati alipata ladha. Sisi wengine tulikula uchachu mahali pa chumvi, ulimi ukadanganyika, tumbo likakubali. Nilipoletwa hapa bi harusi, bakuli la kwanza lilinitoa machozi. Mama mkwe akanicheka: 'Kunywa, mwanangu. Asiyeonja kichachu siku tatu hutembea akipepesuka.' Nikadhani ananichukia. Kumbe bakuli lile ndimo alimochovya jiwe mara mbili."

Kisha akainua bakuli kwa mikono yote miwili, akanywa mpaka pua ikatoa jasho, akaanza kumchambua samaki.

"Kamwite Yingmei."

"Mama, wana mavuno kule."

"Na wewe una miguu. Mwambie namtaka nimgombeze, mchuzi gani huu wa kung'oa meno?" Akamsukumia bakuli tupu. "Lakini ongeza kwanza. Na hicho kichwa cha samaki usikiguse, ni changu."