Mlango Alioutengeneza Eustace

Eustace alikuwa mbele ya nyumba yake, mjini Mpanda, akipiga randa ubao wa mninga, mkewe Pelagia aliporudi kutoka darasani. Pelagia akasimama mbele ya mlango uliofungwa, akasema, "May I come in?" Mlango ukajifungua. Akaingia, akabandika maharage.

Eustace akaendelea na randa. Milango ya mjini ilianza tabia hiyo ya kufungukia Kiingereza tu tangu masika, na watu walishazoea. Kilichomuuma ni kwamba mlango ule aliutengeneza yeye, akaupachika yeye, na sasa akiusemesha kwa Kiswahili haumsikii. Alijaribu Kipimbwe cha mama yake. Wapi! Siku hizi aliingilia mlango wa uani, wa bati, ambao haukusoma.

Pelagia alikuwa mpishi wa gesti, na alitaka kuhamia mapokezi, wanakopokelewa wageni wanaokwenda hifadhi ya wanyama. Ndiyo maana kila alasiri alikwenda ukumbi wa parokia kwa mwalimu Cletus, aliyefundisha Kiingereza cha sokoni, cha stesheni, cha hospitali: namna ya kuomba, ya kuruhusu, ya kuamuru. Can, may, must. Cletus alivaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri. Eustace alilichukia lile shati.

"Huyo mwalimu wako ana mke?" aliuliza wakila.

"Sijamuuliza."

"Na ukitaka kumuuliza, utasemaje?"

"Baba Agape, kula ugali."

Wivu bwana hauna likizo. Eustace akaanza kuyahesabu hata maneno ambayo mkewe aliyasema usingizini. Hakuelewa hata moja, na yote aliyaona ni ya Cletus.

Wiki hiyo binti yao Agape akapata homa kali. Pelagia alikuwa kazini, hivyo Eustace akambeba mtoto hadi zahanati. Mlango ulikuwa umefungwa. Nje walikaa akina mama kutoka kijiji cha Kasansa, watoto mgongoni, wakisubiri apite mtu mwenye Kiingereza, kwani mlango ulimpitisha aliyeomba na aliyembeba tu.

"Mlango huu nimeutengeneza mimi," Eustace aliwaambia.

"Ndiyo hivyo, baba. Kinyozi hajinyoi," mmoja akajibu.

Aliyepita alikuwa Cletus, na baiskeli yake. Eustace akamtazama, akamtazama Agape aliyekuwa akitetemeka, kisha akamkabidhi mtoto bila salamu. Cletus akasema maneno yake kwa upole. Mlango ukafunguka, ukawapitisha wawili hao, ukajifunga puani kwa Eustace. Baadaye kidogo Pelagia, aliyepelekewa habari gesti, akafika mbio, bado na aproni. Mlango ukampokea na yeye.

Eustace akasogea dirishani. Agape alikuwa amechomwa sindano, amelala kifuani kwa Cletus, kwenye lile shati jeupe. Pelagia alikuwa ameshika miguu ya mtoto. Eustace akatega sikio.

"Baba wa mtoto ni nani?" nesi akauliza.

Pelagia akajibu kwa Kiingereza, jibu refu. Cletus akacheka. Nesi naye akacheka, akaandika.

Eustace hakuelewa hata neno.

Mama mmoja wa Kasansa akasogeza kanga yake, akampa nafasi kwenye benchi.

"Kaa, baba. Sisi tuko hapa tangu asubuhi."

Akakaa.