Zulia la Pancha

...na asiyeamini asiamini, abishe mpaka povu limtoke, lakini mimi, fundi matairi niliyeiaga shule kabla haijaniaga, nimemfundisha mbwa mzee kupenda kwa daktari, majuma matatu tu, bila kitabu wala cheti, na huyu hapa Pancha amelala miguuni pangu kwenye kibaraza cha kliniki kama bwana mkubwa, haya, hajalala, amejikunyata, ila amejikunyata kwa heshima... tulia baba, tulia... na mama mwenye paka kikapuni ananitupia jicho, "Kijana, mbona mbwa wako anatetemeka hivyo?", namjibu, "Hatetemeki mama, injini inapata moto tu," anacheka mpaka paka analalamika, aah, ningekuwa na muda ningemsimulia ile mara ya kwanza, sikio limevimba, linanuka, tumemburuta ndani watu watatu, kucha zinakwaruza vigae kre kre kre, hana pa kushika, akateleza, akajipenyeza nyuma ya kabati la dawa, akajikojolea, Pancha wangu, mbwa anayefukuza malori, nami nikacheka, nikacheka kwa nguvu ili wenzangu wa gereji wasinione macho... daktari hakucheka, yule dada mpole, alikaa chini kwenye vigae vyake, akampa mgongo, hakumtazama hata kidogo, akawa anarusha kipande cha nyama, kimoja, kingine, mpaka pua ikachungulia, ndipo akaniambia, "Mdogo wangu, huyu si mkali, anaogopa, na sakafu inamtisha kuliko mimi," akanipa kazi, nimlete kila baada ya siku mbili, asiguswe, ale kinyama chake aende zake, nyumbani nimshikeshike sikio huku anakula, "na siku ya kumkagua mlete na kile anacholalia, tukitandike mezani, asiteleze, ajione yuko kwao," kisha akashusha sauti, "akitulia nitalisafisha sikio akiwa macho, asipotulia itabidi nimlaze kwa sindano, na kwa moyo wake nilivyousikiliza, sikufichi, anaweza asiamke"... asiamke, neno gani hilo, nimelibeba majuma matatu kama jeki mgongoni... basi nikawa mwanafunzi, mimi!, Mama akanikuta chini ya meza nimeshika sikio la mbwa kwa mkono huu, maini kwa mkono ule, "Shule ulitoroka, leo umekuwa mwalimu wa mbwa?", nikamwambia, "Angalau mwanafunzi wangu hatoroki, Mama," na kweli hakutoroka, safari ya tatu alipanda ngazi hizi mwenyewe, ya tano akatikisa mkia, juzi akamwekea daktari kidevu gotini, uongo?, aulizwe daktari... sasa leo kimemkuta nini... msaidizi anachungulia mlangoni, "Akitoka huyu wa kasuku, ni nyinyi," anamtazama Pancha, "Leo babu kanuna?", "Anaringa tu, anajua ni siku yake," nasema mimi, mdomo huu, mdomo huu utanizika... maana ninamwona, analinusa zulia lake tulilokuja nalo, anarudisha pua, ananusa tena, anajisogeza, anakaa kwenye saruji tupu, zulia la gari alilolilalia miaka tisa, tangu nimtoe ndani ya tairi bovu akiwa mdogo kama kiatu, leo analikimbia, halafu ananusa suruali yangu, ananusa shati, shati la kaka hili, limepuliziwa manukato, anainua macho kunitafuta na mimi nipo hapa hapa, mbele yake... pole baba, pole... kasuku anatukana ndani, mama mwenye paka anajiziba mdomo kwa kicheko, mlango bado umefungwa, na ukifunguka nitaingia na kifua mbele kama kawaida yangu, nitandike, nijisifu, na Pancha atateleza kwenye harufu kama alivyoteleza kwenye vigae, halafu sindano, halafu... hapana, nitasema, mbele ya mama huyu na msaidizi na hata kasuku, dada daktari, tuahirishe, mbwa hana kosa, kosa ni langu, nipe siku mbili nilirudishe zulia gereji, alilalie tena, lichafuke, nami nije na ovaroli yangu ya grisi... ndiyo, kuna kipande nilikiruka, nimekiruka tangu asubuhi, hata Mama hajui, jana mchana nililifua, sabuni ya unga mara tatu, juu yake nikamwaga dawa ya sakafu ya harufu ya ndimu, nikalisugua mpaka vidole vikauma, kwa sababu nililiona akilini zulia lile kwenye meza yako nyeupe, mbele ya koti lako jeupe, nikaona haya... nililifua ili wewe unisifu, daktari, si ili yeye atulie.