Mkono Ulioogopa Kamba

Kuna watu wanaodhani majini hukaa pwani tu, kwenye ubani na mitende. Waje Kasulo, mtaa wetu wa wachimbaji, mbali na bahari. Wetu alikaa chini ya kitanda cha Jémima, binti wa jirani yangu Kabemba. Na mkitaka kujua nani mbaya katika habari hii, msihangaike na jini.

Kabemba alivunja sakafu ya chumba chake achimbe kobalti, kama tulivyofanya karibu sote mtaani. Shimo likashuka, kisha likapinda likapita chini ya chumba cha binti. Huko wachimbaji walikuta mtungi wa shaba uliozibwa kwa madini ya risasi, uliosahauliwa na misafara ya zamani iliyokuja kufuata shaba yetu. Wakaona si kitu cha kupeleka depo kwa wanunuzi wa mawe, wakausukuma kando.

Jumapili moja watu wakiwa kanisani, shimo likiwa tupu, Jémima alibaki nyumbani kupika. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, chumbani mwake aliposikia sauti ikipanda kwenye ufa wa sakafu. Ilisema Kiswahili cha kitabuni, kama padri anaposoma Injili, na binti akacheka kabla hajakumbuka kuogopa. Mwenye sauti alijitaja kuwa ni Nuhasi, jini aliyefungwa na bwana wake kwa sababu alikataa kumtafutia watumwa. Jémima akamwambia kwamba kwetu angekataa kazi zote, maana zote ni za utumwa.

Basi kila Jumapili sombe ilichambuliwa pale pale kwenye ufa. Nuhasi alimsimulia majangwa na visima vyake. Binti alimsimulia treni ya Dilolo, na maji ya Nzilo yaliyozuiliwa ili yatoe umeme.

"Kumbe na mto wameufunga," Nuhasi akasema.

Moshi mwembamba wenye joto ulikuwa ukitoka ufani na kumgusa kiganja. Jémima alimpenda. Nasema waziwazi, maana baadaye mtaa ulisema amerogwa, na mimi nilimwona uso. Msichana aliyerogwa haimbi akisugua sufuria.

Nuhasi alimweleza jinsi ya kutoka. Yeye mwenyewe angeweza kuviringisha mtungi hadi chini ya mdomo wa shimo na kujifunga kwenye kamba. Kuvuta hakukuwa kazi yake. Akivutwa na anayempenda, angesimama mtu huru, wangekwenda pamoja kuyaona maji ya Nzilo. Akivutwa na mwingine, angekuwa mtumwa wa huyo mpaka huyo aamue kumwachia.

"Vuta wewe mwenyewe, Jémima. Mkono wako, si wa mwingine."

Sasa, kwetu mwanamke hakaribii shimo. Akigusa kamba, mawe yanakimbia, mshipa wa madini unapotea, wanaume wanachimba udongo mtupu. Ujinga huu Jémima aliunyonya na maziwa. Jumapili iliyopangwa alisimama mbele ya kamba, mtungi umeshafungwa chini, nyumba kimya. Akanyoosha mkono. Akilini akauona mshipa ukikimbia, baba akimtupia nguo zake barabarani. Akaurudisha mkono.

Chumba cha pili alilala Rémy, kaka yake, ambaye bia ya jana ilimnyima misa. Jémima alimwamsha akamweleza yote, hata la utumwa. Rémy aliapa kwa jina la mama yao kwamba atamwachia palepale. Mkono wa kaka, binti akajiambia, ni kama wangu.

"Yaya, univutie," akasema, kwani ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa. "Mi naogopa, majiwe itakimbia."

Rémy akavuta. Kizibo cha risasi kikapasuka, na kijana mwenye rangi ya shaba akasimama chumbani, mzuri kupita kiasi. Alimtazama Jémima kwa muda, bila hasira, na hilo ndilo baya zaidi. Kisha akageuka akampigia magoti Rémy.

Rémy alisema atamwachia, ila kwanza mshipa mmoja tu. Halafu pikipiki. Halafu nyumba ya matofali. Kabemba naye akashauri wasiharakishe. Chovya chovya humaliza buyu la asali, lakini la kwao halikuisha, na nyundo ya Nuhasi iligonga chini ya kitanda cha binti kutwa. Jémima alilia kwenye ufa, na Nuhasi kila aliposikia kilio aliacha kugonga. Kazi ikachelewa.

Rémy akamwita juu.

"Usahau huyu mutoto mwanamuke," akamwamuru. "Jina yake, sauti yake, yote."

Nuhasi akasahau.

Wachimbaji wengine walifukuzwa, hawakuhitajika tena. Ikabaki kupata mtu wa kuvuta magunia, na Kabemba, bahili yule, akamweka binti yake. Nilimuuliza kama haogopi mawe kukimbia. Alinicheka.

"Majiwe iko na mukubwa wayo sasa, mama. Itakimbia wapi?"

Kwa hiyo kamba ile iko mikononi mwa Jémima, asubuhi hadi jioni, mpaka viganja vimekuwa vigumu. Nilikuwa pale jana nikirudisha kinu. Gunia la mwisho lilipopanda, alimvuta na Nuhasi, ingawa kumvuta sasa hakumfungui tena; wa kumwachia ni Rémy tu. Alitoka ana vumbi hadi kwenye kope, akanyoosha mgongo, akamwona msichana mwenye kamba. Kiswahili chake cha kitabuni kimeshapotea. Anasema kama wachimbaji.

"Aksanti, mama," akamwambia kwa adabu, akaenda kunawa.