Tochi ya Jumatano

Watoto wa chekechea wakilala mchana ndipo mwalimu wao anapokumbuka kwamba naye ana pumzi. Mwalimu Kasuku alikuwa amejibana kwenye kiti cha mtoto, magoti yanakaribia kidevu, anaandika andalio la wiki ya mwisho kabla ya Krismasi. Jina hilo la Kasuku alibandikwa na wazazi, kwa sababu kila analolisema darasani watoto hulirudia kwa pamoja mpaka mtaa wa pili wanajua leo wamesoma nini. Mada ya wiki ilikuwa mwanga. Kila mwaka ni mwanga, na kila mwaka Mkuu wa shule hufurahi, maana jua ni la bure na vivuli havina duka.

Jumatatu, akaandika, watoto watatoka uani kukimbizana na kukanyagana vivuli. Jumanne watabandika karatasi za nailoni za rangi dirishani, waone sakafu inavyogeuka nyekundu na kijani. Alhamisi watatengeneza taa za makopo na karatasi, bila mshumaa ndani, kwani mtoto na moto hawakai chumba kimoja. Ijumaa ni igizo mbele ya wazazi: wachungaji wenye mataulo kichwani, punda mwenye masikio ya boksi, mtoto mchanga wa plastiki aliyekatika mkono, na nyota. Jumatano aliiacha wazi. Kila kalamu ilipofika hapo iligoma, kwa sababu Jumatano ni siku ya tochi.

Na tochi, jamani, ndiyo iliyomponza mwalimu huyu.

Mwaka uliopita aliwachukua watoto kikundi kwa kikundi akawaingiza kwenye stoo ya magodoro, akafunga mlango, akawasha tochi. Kazi ilikuwa nyepesi: kijiko kinang'aa, kitambaa haking'ai, kioo kinang'aa, kiatu cha mwalimu hakijawahi kung'aa tangu kinunuliwe. Watoto walicheka mpaka wakajikojolea. Katikati ya vicheko hivyo, binti mmoja, mtoto wa mama mshonaji wa mtaa wa nyuma, akainua uso kuitazama tochi, na jicho lake moja likang'aa jeupe, kama la paka chini ya kitanda. Wenzake wakapiga kelele kwamba ana nyota ndani ya jicho.

Kasuku alifurahi. Hilo lazima lisemwe kama lilivyokuwa. Alimwita mpishi aje aone, mpishi akamwita Mkuu, na watu wazima watatu, wenye akili zao na vyeti vyao, wakasimama stoo wanammulika mtoto wa watu huku wanachekelea. Hakuna aliyejiuliza kwa nini jicho moja liwake na la pili lisiwake. Usilolijua ni usiku wa giza, na wao walikuwa gizani ilhali tochi wameishika mkononi. Ijumaa yake mtoto akapewa unyota kwenye igizo, akavikwa taji la boksi, na mama yake akapiga makofi kuliko wote. Tangu siku hiyo binti akaitwa Nyota, na mama yake akawa Mama Nyota.

Baada ya likizo jicho lile likaanza kwenda upande. Hospitali wakasema ni uvimbe, uko ndani kabisa, na umeshakua. Wakalitoa. Wakamwambia mama kwamba huenda ndiyo mwisho wake. Haukuwa mwisho. Mvua zilipokwisha wakalitoa na la pili.

Kasuku alikwenda wodini na chupa ya maji ya matunda, akaiona bendeji imezunguka kichwa kizima. Hakuwa ameelezwa lolote na mtu. Alichokijua ni kwamba walimmulika, na sasa mtoto haoni. Akapiga magoti mbele ya mama, akalia, akasema kwa mdomo wake, "Nisamehe, mama. Ni sisi. Tulimmulika na ile tochi, tumemchoma macho." Mama Nyota aliendelea kuinyoosha shuka ya mtoto. Lakini alisikia.

Muuguzi wa wodi ndiye aliyemkamata mwalimu kwenye ngazi wakati anatoka. Akamwambia ayafute hayo maneno. Tochi haichomi jicho la mtoto namna hiyo. Ugonjwa ulikuwemo siku nyingi, na ule weupe ulikuwa ni ugonjwa wenyewe unaonekana. Tochi iliufichua tu. Angeletwa wakati ule, pengine lingepona moja, pengine yote mawili. Halafu akauliza kama mtoto ana mdogo wake, maana ugonjwa huu mara nyingine huzunguka ndani ya tumbo moja, na mdogo anatakiwa aletwe atazamwe, tena na tena, kabla haujakua.

Kasuku akapanda ngazi mbio kurudi wodini. Alieleza mpaka koo likakauka. Kazi bure, maji yakimwagika hayazoleki. Mama Nyota alimtazama kama mtu anayemtazama mwizi anayebadilisha maelezo. Madaktari nao walimwambia habari za mdogo mtu, naye akawajibu kwamba hao ndio waliosema jicho la kwanza ni mwisho. Hospitali ile hakukanyaga tena.

Huyo mdogo mtu jina lake la mtaani ni Mkia. Tangu alipoanza kutembea alimfuata dada yake chooni, dukani, kila mahali, ndiyo maana akaitwa hivyo. Sasa mambo yamegeuka, Mkia ndiye anatangulia. Anamshika dada yake mkono na kumtajia njia: jiwe, ngazi, maji, mbuzi wa watu. Hana hata miaka minne, na anaifanya kazi hiyo kwa maringo kama askari wa barabarani.

Mama Nyota alimleta chekechea katikati ya mwaka. Shule nyingine ni mbali, na cherehani haiendi ukiwa na mtoto mapajani. Alitoa sharti moja mbele ya Mkuu: tochi isimsogelee mwanawe. Kasuku akaapa. Angefanyaje? Angekataa, mtoto angefungiwa ndani kutwa, asionekane na mtu yeyote. Alijiambia kwamba atamlainisha mama polepole. Alijaribu getini, mama akapita. Akamfuata nyumbani, akaachwa amesimama mlangoni huku cherehani inanguruma juu ya kila neno lake, na sindano haikusimama hata mara moja. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Huyu nyoka alimuuma mara mbili.

Kwa hiyo Kasuku akabaki kumchungulia Mkia kwa mwanga wa mchana. Macho mawili meusi, mazuri, makorofi. Alimtazama mpaka mtoto akauliza kama ana uji usoni. Mchana haukumwambia kitu. Tochi ilikuwa ndani ya droo, na ukweli ni kwamba hakuogopa kiapo peke yake. Aliogopa zaidi kile ambacho angekiona.

Mkuu aliposoma andalio aliuliza Jumatano imekwenda wapi. Kasuku akamweleza. Mkuu si mtu mbaya, ila shule yake ni ndogo na maneno ya getini yana miguu. Akasema tochi ibaki, wazazi waliipenda, na Mkia atakaa jikoni na mpishi mpaka wenzake wamalize. Akaongeza kwamba mtoto ni wa mama yake, na mwalimu asije akaingiza mkono wake pasipoingizika. Kasuku akaandika: tochi.

Jumatano ikafika. Watoto wakaingia stoo kwa zamu, kijiko kikang'aa, kitambaa kikakataa, kiatu cha mwalimu kikachekwa kama mwaka jana. Kila kikundi Kasuku alikimulika kwa macho ya mwizi, jicho baada ya jicho, na yote yalikuwa sawa. Huko jikoni Mkia alipewa sinia la maharage achambue, na kila kicheko kilipotoka stoo aliinua shingo.

Kikundi cha mwisho kilipotoka, Mkia alikuwa amesimama mlangoni, maharage mawili mkononi. Akasema dada yake amemwambia humo ndani kuna nyota, na yeye hajaiona. Midomo ilishaanza kutetemeka. Kasuku akatupa jicho jikoni. Mpishi aliwapa mgongo, akisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mwalimu alikuwa amemchelea huyu miezi mizima. Akamshika mkono wakaingia, akafunga mlango.

Ndani kulinuka magodoro. Alimkalisha juu ya rundo la chini, akawasha tochi. Jicho la kulia lilikuwa shwari, na ndani yake kulikuwa na wekundu kama walionao watoto wote. La kushoto vilevile. Alimwambia atazame chini, atazame mlangoni, na bado hakukuwa na kitu. Moyo wa Kasuku ukaanza kufunguka, akataka hata kucheka. Akamwonyesha kijiko juu kabisa ya rafu, mtoto akainua macho kukifuata, na pembeni mwa jicho la kushoto pakawaka peupe.

Akazima. Wakabaki gizani wawili.

"Na mimi ninayo?" Mkia akauliza.

Kasuku alilitafuta neno hapana, akalikosa.

"Unayo," akasema.

Mkia akapiga makofi.

Ilikuwa ndogo. Hilo ndilo alilolishikilia Kasuku alipokuwa anatembea kwenda ofisini, kwamba ni ndogo, na muuguzi alisema uvimbe mdogo ni jambo moja na mkubwa ni jambo lingine. Mkuu aliposikia alikaa, akashika kichwa, akauliza kwa nini amewasha. Kisha, bila kungoja jibu, akachukua simu kumtafuta baba wa watoto, dereva wa malori ya safari ndefu, ambaye huenda angesikilizika. Simu ilikuwa imezimwa. Wakakubaliana kwamba mama atakapokuja ataingizwa ofisini kwa upole, akalishwe, ndipo aambiwe. Kasuku akaweka kiti. Akaweka na glasi ya maji. Akakaa anafanya mazoezi ya maneno, yeye anayefundisha watoto kurudia, anarudia peke yake kama mwendawazimu: ni ndogo, bado ni ndogo, twende wote leo.

Saa ya kutoka aliwahi getini na begi la Mkia begani, lakini Mkia alikuwa mwepesi kuliko yeye. Mama Nyota alikuwa ndiyo kwanza anavuka barabara na binti yake mkubwa. Mkia akachomoka, akamshika dada yake mkono, mahali pake pa kila siku, na habari ikamtoka kwa sauti ya darasani.

"Dada, na mimi ninayo nyota. Mwalimu ameiona kwa tochi."

Nyota akacheka. Akampapasa mdogo wake usoni, paji, pua, mpaka vidole vikalifikia jicho, akaweka kidole juu ya kope taratibu. Taji la boksi na watu wakimpigia makofi siku ya igizo ni katika vitu vya mwisho alivyoviona na kuvikumbuka vizuri, na alikuwa akivisimulia nyumbani kama hadithi. "Basi mwaka huu nyota ni wewe," akamwambia.

Mama yao hakupiga kelele. Kasuku alikuwa amejiandaa kwa kelele, hakujiandaa kwa ile sauti ndogo.

"Umemmulika."

"Nimemmulika, Mama Nyota. Ni ndogo. Bado ni ndogo kabisa, inatibika. Twende leo hii, nitakwenda na wewe, nitalala huko na wewe."

"Asubuhi nimekuletea mtoto mzima."

"Ilikuwemo. Tochi haileti ule ugonjwa, wallahi tena, tochi inauonyesha tu."

"Nani aliniambia tochi inachoma?" mama akauliza. "Nani alipiga magoti wodini akaniambia? Kwa mdomo wako, mwalimu. Wewe."

Kasuku akafungua mdomo. Maneno yote aliyoyafanyia mazoezi yalikuwepo, kila moja ni la kweli, na hakuna hata moja lililokuwa na nguvu ya kulishinda lile moja la uongo alilolisema siku ile kwa uchungu wa kweli. Akamshika mama mkono. Mama akautoa mkono wake taratibu, kama mtu anayechomoa uzi kwenye nguo, akachukua begi la Mkia begani kwa mwalimu, akasema mtoto hatarudi tena hapa, na mtu yeyote asimfuate nyumbani kwake.

Ukitoka getini, kushoto ni kituo cha magari yanayopita hospitali. Mama Nyota akashika kulia.

Alitangulia mbele, haraka, begi likimpiga kiunoni. Watoto wakamfuata nyuma wameshikana, Mkia mbele kidogo, kifua kimetoka, kwa sababu leo pamoja na kazi yake alikuwa pia nyota. Alikuwa anataja njia kama kawaida yake. Jiwe, dada. Inua mguu. Hapa kuna shimo, pita huku kwangu.

Kasuku alisimama getini mpaka sauti ile ikapotelea kwenye kona. Ofisini Mkuu alikuwa anaipiga tena namba ya baba, na simu ilikuwa bado imezimwa.