Wigi la Babu Yake Imogen

Gwilym Pryce hakumchukia Imogen Thackray. Alilichukia wigi lake tu. Shida ni kwamba wigi lenyewe lilikaa juu ya kichwa cha Imogen, na ukilikodolea macho lazima umtazame na mwenyewe.

Kwetu Uingereza wakili wa jinai husimama mbele ya jaji akiwa na wigi la manyoya ya farasi. Likiwa jipya ni jeupe kama krimu ya keki. Likishanyonya jasho la miaka thelathini linageuka rangi ya meno ya mvuta kiko, na hapo ndipo watu wanaanza kukuheshimu. Gwilym alikuwa na jeupe pe. Kuna mwizi mmoja wa baiskeli aliyewahi kulitazama, akamuuliza kama leo ndiyo siku yake ya kwanza. Imogen, aliyeanza kazi wiki moja na yeye, alirithi la babu yake, kuukuu, limenyauka vizuri. Majaji walimsikiliza wameinamisha vichwa. Gwilym aliapa kwamba wanalisikiliza wigi.

Na haukuwa wivu wa bure. Wote wawili walikuwa mawakili wanafunzi katika ofisi yetu ya Leeds, na kiti cha kudumu kilikuwa kimoja. Mimi nilishapata changu mwaka uliotangulia, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kuchekea pembeni. Mkuu wetu, Bi Ormerod, alisema angeamua Ijumaa, na kwamba Jumatano angekwenda mahakamani Bradford kuwatazama. Siku hiyo walipangiwa kesi moja, Imogen upande wa mashtaka, Gwilym upande wa utetezi. Kwetu si ajabu. Mnapanda treni moja, mnagawana biskuti, mkifika mnararuana.

Jumanne jioni Gwilym alichemsha sufuria ya chai nzito, akalizamisha wigi lake humo. Wakubwa hupenda kutania kwamba ndivyo walivyozeesha yao. Yeye peke yake ndiye aliyeamini.

Asubuhi, kwenye chumba cha kuvalia, alifungua kopo lake la kutunzia wigi. Mikunjo yote ilikuwa imelala. Upande mmoja ulikuwa kahawia, mwingine mweupe, na harufu yake ni ya kantini. Alilivaa hivyo hivyo, kwani angefanya nini?

Mshtakiwa aliitwa Trevor Scaife, fundi wa mapaa aliyebandua madini ya risasi yaliyoezekwa paa la kanisa akayauza kwa kilo. Alishakiri. Kilichobaki ni kujua kama anakwenda jela au anarudi nyumbani. Imogen alisimama kwanza, akaeleza wizi ulivyokuwa, akakaa. Gwilym akasimama. Chumba kilikuwa na joto, na tone moja la chai likamshuka taratibu kutoka kipajini hadi kwenye kola yake nyeupe.

Jaji alilisindikiza tone lile kwa macho mpaka lilipofika. "Bwana Pryce," alisema kwa upole, "sikusikii."

Hakuwa kiziwi. Ndivyo jaji anavyomwambia wakili ambaye hakuvaa inavyotakiwa, kwamba mbele yake sauti yako haipo. Nyuma, kando yangu, Bi Ormerod alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Imogen aliomba dakika chache. Jaji akatoka, na Gwilym akabaki ameshika lile dude lake linalotona.

"We Gwil, umelipika?" Imogen alinong'ona.

"Cheka tu. Kiti si chako sasa?"

"Nitacheka kwenye treni. Shika hili." Alivua wigi la babu yake, akampa.

"Na wewe je?"

"Mimi nimeshasema yangu. Vaa bwana, huyu mtu asifungwe kwa ajili ya chai."

Lilimkaa barabara, na hilo ndilo lililomuuma. Jaji aliporudi alisema sasa anamsikia Bwana Pryce vizuri sana, ila Bi Thackray ndiye hamwoni. Gwilym akatetea. Alizungumzia mke mgonjwa, kazi iliyokauka, aibu aliyonayo mteja wake. Nasema kweli, alitetea vizuri, na kila sentensi aliona inamtoka kwa uzito ambao hakuwahi kuwa nao. Alikuwa ameanza kuinamisha vichwa vya watu.

Ndipo jaji akataka kuuliza upande wa mashtaka swali moja. Wigi likavuliwa, likapita juu ya meza, likavaliwa. Askari wa mahakama aliuma mdomo.

Jaji aliuliza kama kanisa lina la kusema. Imogen akajibu kwamba padri alimpigia simu afisa wa polisi asubuhi ile. Paa limeshaezekwa upya, na aliyeliezeka ni Scaife mwenyewe, siku zake za mapumziko, bila malipo. Hakumwambia mtu kwa sababu aliona haya.

Hata Gwilym hakuwa anajua. Alikaa kichwa wazi, nywele zimelowa chai, akimtazama msomi mwenzake akimshindia kesi yake.

Scaife hakufungwa. Huko koridoni alipita mbele ya Gwilym, akamshika Imogen mkono kwa mikono yote miwili, akamwuliza kama siku nyingine anaweza kumtetea yeye.

"Wakili wako ni huyu," Imogen alisema.

Scaife alimtazama Gwilym kwa huruma. "Ndiyo, dada, lakini huyu bado mdogo."

Ijumaa kiti kilikwenda kwa Imogen. Gwilym aliongezewa miezi sita ya kujaribiwa, na Bi Ormerod alimshauri anywe kahawa. Imogen alimletea keki, akamwambia wigi la babu anaweza kuliazima siku yoyote.

Gwilym alishukuru, akaila keki yote. Baadaye alinivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nadhani ule wema nao aliurithi kwa babu, au kuna mahali unauzwa.